Pima kichwa cha mtoto kabla utosi haujafunga

Fuvu la binadamu likipimwa husema mengi. Daktari anayechunguza mifupa isiyojulikana ni ya nani hulipima fuvu ili akadirie kama marehemu alikuwa mwanamume au mwanamke. Hata hivyo, kipimo chenye manufaa zaidi ni kile afanyiwacho mtoto mchanga, tena kwa utepe kama ule wa fundi wa nguo.

Utepe huzungushwa juu kidogo ya nyusi na masikio, ukapita pale kisogo kilipotokeza zaidi. Mtoto aliyezaliwa kwa wakati wake huwa na kichwa chenye mzunguko wa sentimita 35 hivi. Kwa miezi 3 ya kwanza huongezeka karibu sentimita 2 kila mwezi, kisha sentimita 1 hadi miezi 6, halafu nusu sentimita hadi mwaka 1.

Mbona fuvu litanuke hivyo? Kwa sababu si mfupa mmoja, bali ni vipande kadhaa vilivyoshikana kwa mishono laini. Mishono hiyo inapokutana ndipo penye utosi. Utosi wa mbele aghalabu hufunga kabla ya miaka 2.

Maji yanapozidi

Maji ya kawaida ya ubongo yakikosa njia ya kutoka, hujaa na kulisukuma fuvu, nacho kichwa kikatanuka kupita kiasi. Hali hii huweza kufuata maambukizi ya ubongo mtoto akiwa mchanga, au kuandamana na mgongo wazi. Si laana wala jicho la watu, na kukanda kichwa hakusaidii.

Dalili ni utosi uliofura na kukaza hata mtoto akiwa ametulia na kuketishwa wima, mishipa inayoonekana wazi kichwani, kutapika mara kwa mara, na macho kuelekea chini daima. Ubongo ukibanwa kwa muda mrefu, mtoto anaweza kupoteza uwezo wa kuona au hata kufa.

Tiba ni upasuaji. Daktari huweka mrija chini ya ngozi wa kupitisha maji kutoka kichwani hadi tumboni, au hutoboa tundu ndani ya ubongo ili maji yapate njia. Mbinu hii ya pili iliendelezwa sana katika hospitali ya CURE mjini Mbale, Uganda, tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000.

Kipimo kimoja hakitoshi

Yafaa ieleweke kwamba kichwa kikubwa pekee si ugonjwa. Huenda mtoto amemrithi babake, na mradi kinakua kwa kasi ya kawaida, hakuna hofu. Lakini aliyezaliwa na sentimita 35, akafikisha 45 kwa miezi 3 badala ya 41 hivi, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Kichwa kisichoongezeka, au kinachokua upande mmoja, kichunguzwe pia: pengine mishono imefunga mapema.

Kwa hivyo, mzazi, unapompeleka mtoto kliniki, usiridhike na kilo na chanjo tu. Mwombe muuguzi apime kichwa, aandike tarehe na sentimita katika kijitabu cha mtoto, na mlinganishe na kipimo kilichotangulia.