Kurudia Mtihani wa KCSE: Jawabu kwa Kijana wa Kisumu

Ametuandikia kijana mmoja wa Kaloleni, mjini Kisumu, akitaka shauri. Alifanya mtihani wa KCSE akapata C, na chuo kikuu hakimpokei kwa shahada aliye chini ya C+. Baba yake, muuza nguo katika soko la Kibuye, amwambia arudie mtihani. Mama yake amwambia ashike nafasi aliyoipata ya stashahada ya biashara katika Kisumu National Polytechnic, kwani mwaka ukipita haurudi. Naye mwenyewe moyo wake u katika kufundisha Kiswahili na dini katika skuli za sekondari. Twamjibu hadharani kwa kuwa Mombasa, Malindi na Lamu nako wamo wengi walio katika hali kama yake.

Kwanza na ajue C yake ni C ya namna gani. Tangu mwaka 2023 Baraza la Mitihani la Kenya huhesabu masomo saba: Hisabati, lugha moja, na matano mengine ambayo mtahiniwa ameyafanya vizuri zaidi. A ni pointi 12, E ni pointi 1, na upeo wa jumla ni 84. C yaanzia 39 hata 45, na C+ yaanzia 46. Basi wawili wenye C hawakulingana kabisa. Mwenye 45 apungukiwa na pointi moja. Mwenye 39 apungukiwa na saba, yaani kupanda daraja moja katika kila somo, na hilo si jambo dogo.

Kijana wetu ana 44. Dini amepata B+, Kiswahili B, na Hisabati D. Akiitoa Hisabati kwenye D akaifikisha C-, na mengine yakabaki yalivyo, amefika 46.

Wako wadhanio kuwa yatosha kurudia Hisabati peke yake. Sivyo. Jumla hupewa aliyefanya masomo yasiyopungua saba katika mtihani wa mwaka mmoja, wala matokeo ya miaka miwili hayaunganishwi. Itambidi ayafanye yote upya, hata dini aliyoipasi vyema. Na mwenye kukaa mwaka mzima pasi na kufungua kitabu chake cha dini asistaajabu B+ ikigeuka C. Tena ada ya mtihani atailipa mwenyewe, na kwa ajili ya Biolojia atatafuta kituo chenye maabara kitakachokubali kumsajili.

Pili, aitazame kazi aitakayo. Lau angalitaka ufundi, uhasibu au ugavi, tungaliunga mkono kauli ya mama bila kusita. Katika kazi hizo stashahada ni ngazi ya kweli. Wamo waliopandia hapo wakafika shahada, wenzao wangali wakirudia mitihani. Ama ualimu una sharti lake. Tume ya Huduma za Walimu humtaka mwalimu wa sekondari awe na C+ ya jumla, na C+ katika masomo mawili atakayoyafundisha. Haya mawili anayo, tena kwa ziada. Lililomzuia ni jumla tu, na stashahada ya biashara haitamwondolea kizuizi hicho.

Tatu, nalo ndilo kubwa: kwa nini alipata D? Asema katika barua yake kuwa alirudishwa nyumbani mara kwa mara kwa sababu ya karo, na Hisabati ni somo ambalo sura ya leo yajengwa juu ya sura ya jana. Hiyo ni sababu iliyo wazi, na yaweza kuondolewa. Angaliandika kuwa alifundishwa barabara, akajitahidi kadiri ya uwezo wake, na bado akapata D, tusingalimshauri kutumia fedha za baba yake kununua D ya pili.

Ametaja pia kuwa ameswali istikhara na hakuota kitu. Mtume, rehema na amani zimshukie, aliwafundisha masahaba istikhara kuwa ni rakaa mbili na dua. Ndoto haikuwa sharti. Mtu hupima, hushauriana, huomba, kisha hutenda. Na jirani aliyemwambia anywe kombe na kuisomea kalamu yake na amwache. Kalamu haijui Hisabati. Ama karatasi ziuzwazo kisiri usiku wa kuamkia mtihani, mara nyingi huwa za uongo, na zikiwa za kweli ni wizi. Mwalimu wa dini ataanzaje kazi yake kwa hilo?

Basi rai yetu ni kuwa arudie, mara moja tu, na mwaka huo autumie kwa Hisabati kila siku mbele ya mwalimu, si kwa kukaa dukani na kitabu kando. Wala asiahirishe. Kundi la mwisho la 8-4-4 lilifanya KCPE mwaka 2023 likaingia kidato cha kwanza mwaka 2024, na zamu yake ya KCSE ni mwaka 2027. Pamoja na hayo aende chuoni akaulize kama nafasi yake yaweza kuwekwa hata mwaka ujao, apate jawabu kwa maandishi.

Na jawabu hili amsomee mama yake kwanza, kabla ya kumsomea baba.