Gome la Mwerebi: Nguvu na Mipaka ya Kituliza Maumivu cha Asili

Mwerebi ni mti wa jenasi Salix unaopenda kumea kandokando ya maji. Wasomaji wa Biblia ya Kiswahili huukuta ukitajwa kuwa "mierebi ya vijito". Tangu kale gome lake limechemshwa ili kutuliza maumivu na kushusha homa. Siku hizi huuzwa likiwa chai, unga au vidonge, na wengi hulitumia wakiamini kwamba dawa ya mti haiwezi kudhuru. Makala haya yanaeleza kwa nini imani hiyo ni ya hatari.

Fundisho la mwaka 1763

Katika mwaka huo kasisi Edward Stone wa Chipping Norton, Uingereza, aliiandikia Royal Society ya London kuhusu gome hilo. Alikuwa amelionja na kuona uchungu wake unafanana na ule wa gome la mkwinini, lililotibu homa za vipindi. Akalikausha, akalisaga, akawapa wagonjwa wapatao 50. Wengi walipata nafuu, lakini katika homa chache zilizokuwa sugu alilazimika kuongeza gome la mkwinini.

Sababu yake sasa inajulikana. Kwinini iliyomo katika mkwinini huua vimelea vya malaria, ilhali mwerebi hushusha joto la mwili tu. Uchungu ulifanana, kazi hazikufanana. Mgonjwa anayepoa baada ya kunywa dawa hii hajapona kwa sababu hiyo pekee.

Jinsi linavyofanya kazi

Mwaka 1828 Johann Buchner wa Munich alitenga kiini cha gome hilo, salisini. Mwilini, salisini hugeuzwa kuwa asidi ya salisiliki, ambayo ni ya ukoo mmoja na aspirini. Mwaka 1971 John Vane alionyesha kwamba aspirini na dawa zinazofanana nayo huzuia utengenezaji wa prostaglandini, kemikali zinazochochea maumivu, uvimbe na homa. Hata hivyo, baadhi ya prostaglandini hulinda ukuta wa tumbo na kusaidia mtiririko wa damu katika figo. Nafuu na madhara, basi, hutoka katika chanzo kimoja.

Ushahidi wa tiba

Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2000, wagonjwa 210 wa maumivu sugu ya mgongo wa chini walifuatiliwa kwa wiki 4. Miongoni mwa waliopewa dondoo lenye miligramu 240 za salisini kwa siku, asilimia 39 walipata angalau siku 5 bila maumivu katika wiki ya mwisho. Kwa miligramu 120 walikuwa asilimia 21, na kwa dawa bandia asilimia 6. Faida ipo, lakini ilipatikana kwa dondoo lililopimwa. Gome linalochemshwa nyumbani halina kipimo cha uhakika, kwa kuwa kiasi cha salisini hutofautiana kulingana na aina ya mwerebi na majira ya kuvuna.

Wasiopaswa kulitumia

Gome hili halifai kwa mwenye mzio wa aspirini, mwenye pumu inayochochewa na aspirini, mwenye vidonda vya tumbo, mwenye ugonjwa mkali wa figo au ini, wala kwa mjamzito wa miezi mitatu ya mwisho. Anayetumia warfarini au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda anaweza kutokwa na damu kwa urahisi zaidi. Watoto na vijana walio chini ya miaka 18 wasipewe, kwa kuwa salisiliki huhusishwa na ugonjwa wa Reye, ambao hudhuru ubongo na ini.

Mwenye homa isiyojulikana chanzo apimwe malaria kwanza. Ikiwa inashukiwa kuwa homa ya dengi, dawa za jamii ya aspirini ziepukwe kwa sababu huongeza hatari ya kutokwa na damu.

Wajibu wa pande mbili

Mgonjwa anapoulizwa dawa anazotumia, mara nyingi hutaja za hospitali tu. Mhudumu wa afya aulize waziwazi, bila kukemea: "Kuna chai, unga au mizizi unayotumia nyumbani?" Naye mgonjwa aje na pakiti yake. Akiona choo cheusi kama lami, akitapika damu, masikio yakivuma au akishindwa kupumua vizuri, aache dawa hiyo na afike kituoni mara moja.