Mafuta Gani Yafaa kwa Sabuni ya Maziwa ya Mbuzi?



Mkoa wetu wa Simiyu, ulioanzishwa mwaka 2012, ni mkoa wa pamba na mifugo. Mafuta ya pamba tunayo. Mbuzi tunao. Basi wengi husema, "Sabuni ya maziwa ya mbuzi itatushinda nini?" Hebu tusome kwanza.

Mara ya kwanza nilijaribu kazi hii pamoja na kikundi cha akina mama. Tulitumia mafuta ya pamba peke yake kwa sababu ya urahisi wa bei. Sabuni ikawa laini kama ugali wa jana. Baada ya miezi miwili ikatoka madoa ya rangi ya kutu, ikanuka mafuta ya zamani. Hakuna aliyeinunua, na fedha ya kikundi ikapotea. Wengine walilaumu maziwa. Maziwa hayakuwa na kosa. Kosa lilikuwa letu, hatukuchanganya mafuta.

KILA MAFUTA YANA KAZI YAKE

Shahamu ya ng'ombe: Hufanya sabuni ngumu isiyoisha upesi. Povu lake ni dogo lakini hudumu. Mawese ya Kigoma hufanya kazi karibu na hiyo, ila mawese mekundu huipa sabuni rangi ya chungwa.

Mafuta ya nazi: Hutoa povu jingi na sabuni ngumu. Yakizidi, hukausha ngozi. Robo ya mafuta yote yatosha.

Mafuta ya pamba na alizeti: Hulainisha ngozi, lakini sabuni yake ni laini na huchacha mapema. Haya pia yasizidi robo.

Kwa hiyo, kwa kilo 1 ya mafuta, chukua shahamu nusu kilo, nazi robo kilo na pamba robo kilo.

HESABU YA KOSTIKI SODA

Kila mafuta hula kostiki yake. Kilo 1 ya nazi hula karibu gramu 183. Kilo 1 ya shahamu hula gramu 140, mawese 141, pamba 138, alizeti 134. Sasa tufanye hesabu pamoja:

Shahamu nusu kilo: 140 ÷ 2 = 70
Nazi robo kilo: 183 ÷ 4 = karibu 46
Pamba robo kilo: 138 ÷ 4 = karibu 34
Jumla: gramu 150

Usitie zote 150. Punguza 10, utie gramu 140. Hivyo mafuta kidogo hubaki ndani ya sabuni, nayo haitaunguza ngozi. Ukibadili mafuta, rudia hesabu. Pima kwa mizani ya gramu, mafuta na kostiki pia. Kikombe hudanganya.

HATARI

Kostiki hupofusha macho. Vaa miwani, mipira ya mikono na nguo za mikono mirefu. Fanya kazi nje, watoto na kuku wawe mbali. Tia kostiki ndani ya maji. Usimwage maji juu ya kostiki, yataruka. Usitumie sufuria ya alumini, kwani kostiki huila na kutoa hewa inayoweza kushika moto. Tumia ndoo nzito ya plastiki. Ikikurukia, osha kwa maji mengi kwa dakika 20 au zaidi, usipake siki. Ikiingia jichoni, osha vivyo hivyo kisha nenda zahanati mara moja. Mtoto akiimeza, usimtapishe. Mkimbize hospitali.

NAMNA YA KUFANYA

1. Yeyusha shahamu, changanya na mafuta mengine, mimina kwenye ndoo.
2. Tia kostiki gramu 140 katika maji gramu 160. Yatachemka yenyewe. Yaache mpaka yawe vuguvugu.
3. Chukua maziwa ya mbuzi gramu 160, yaliyochujwa na kupashwa vuguvugu. Yatie kwenye mafuta, ukoroge. Usiyamimine kwenye kostiki ya moto, yataungua na kunuka.
4. Mimina maji ya kostiki taratibu kwenye mafuta, huku ukikoroga kwa mwiko wa mbao. Koroga mpaka iwe kama uji mzito. Yaweza kuchukua saa nzima, usichoke.
5. Mimina katika kisanduku kilichotandikwa nailoni. Usikifunike kwa blanketi, maana sukari ya maziwa huongeza joto.
6. Baada ya siku moja au mbili, vaa mipira, kata miche. Ipange kivulini penye hewa kwa wiki 4 hadi 6.

Hapo ndipo wengi hushindwa. Mteja yuko mlangoni na shida ya fedha ipo, sabuni inauzwa ingali mbichi. Mteja huyo akiwashwa mara moja, harudi tena, na jirani zake atawaambia. Kabla ya kuuza, kikundi kiende SIDO kupata mafunzo na maelekezo ya alama ya ubora ya TBS.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini sabuni yetu ya kwanza iliharibika?
2. Ukitumia shahamu robo tatu ya kilo na nazi robo kilo, mafuta hayo yatakula kostiki gramu ngapi? Ukipunguza 10, utatia ngapi?
3. Katika kijiji chako, ni mafuta gani hupatikana mwaka mzima?

Andika majibu kwenye daftari lako, kisha mkayajadili kikundini.