Niliwabeba wenzangu, sasa natakiwa kuandika ukweli

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni binti wa miaka 22, nasoma mwaka wa pili kozi ya maendeleo ya jamii katika chuo kimoja hapa Dodoma. Muhula huu mhadhiri alitugawa watu watano watano, kila kundi likapewa mada na dakika 15 za kuiwasilisha mbele ya darasa. Mada yetu ilikuwa mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri. Wenzangu wakanipa uongozi wa kundi.

Tukafungua grupu la WhatsApp, tukagawana: mmoja utangulizi, mmoja sheria, Juma (si jina lake) wanufaika, mwingine changamoto, mimi mapendekezo pamoja na kuunganisha kazi yote. Kuanzia hapo kimya. Nikiuliza kazi imefika wapi, napata dole gumba na "pamoja sana kiongozi". Wa sheria alinitumia kurasa alizokopi mtandaoni, hata rangi ya buluu ya viungo hakuitoa. Wa changamoto hakuleta kitu, nikamwandikia mimi. Juma, ambaye jioni hukaa kwenye kibanda cha miamala ya simu ili apate hela ya kula, alileta sehemu yake usiku wa kuamkia siku yenyewe, Kiingereza kibovu, nusu Kiswahili. Nilikaa mpaka saa nane usiku nikiiandika upya yote. Asubuhi nikaprinti steshenari kwa hela yangu, nikamgawia kila mtu karatasi yake mlangoni mwa darasa.

Wa utangulizi alianza vizuri. Wa sheria alisoma slaidi ukutani, ametupa mgongo, akamaliza dakika saba. Juma alisoma sentensi mbili akakwama. Darasa likacheka. Nikaichukua ile karatasi mkononi mwake nikamalizia mwenyewe. Wakati wa maswali mtu akauliza kikundi kinafanyaje pale mwanachama mmoja anaposhindwa kurejesha. Juma akasimama, akaanza kueleza kwa Kiswahili, maana mama yake yumo kwenye kikundi kilichokopa. Watu walinyamaza kumsikiliza, lakini mhadhiri akasema azungumze Kiingereza. Akakaa.

Tumepata 11 kati ya 20, sote sawa. Sasa kila mtu anatakiwa aandike peke yake kurasa mbili za tafakuri: tulijiandaaje, tuliwasilishaje, tumejifunza nini. Zina alama tano na mwisho ni Ijumaa ya wiki ijayo. Wawili wamenitumia ujumbe: "Usituchome." Juma haongei na mimi kabisa. Nikiandika ukweli mimi msaliti, nikiandika tulishirikiana vizuri nitakuwa najidanganya. Nifanyeje?

Aliyewabeba Wenzake, Dodoma

*

Marahaba, mwanangu.

Andika ukweli. Swali lako nimelijibu, ningeweza kuweka kalamu chini. Lakini ukweli uliomo katika barua hii ni mpana kuliko ule unaoogopa kuuandika, na sehemu yake nzuri inakuhusu wewe mwenyewe.

Nilipofika pale mlangoni, unagawa karatasi, nilirudi nyuma nikasoma tena. Juma alikuletea kazi yake. Imechelewa, lugha inachechemea, lakini ni yake. Wewe ukaifuta yote usiku, ukaandika ya kwako, kisha ukampa dakika chache kabla ya kusimama akaisome mbele ya watu kama yake. Halafu unashangaa amekwama kwenye sentensi ya tatu! Hata mtangazaji wa redio mwenye miaka 20 kazini huomba apitie taarifa kabla ya kuisoma hewani. Juma alipewa maneno asiyoyachagua, kwa lugha ambayo tayari inamtia hofu, bila hata kuyasoma kwa sauti mara moja. Na alipokwama ukamchukulia karatasi mkononi, darasa zima likitazama. Wewe unasema ulimwokoa. Yeye nadhani analiita jina jingine, ndiyo maana hasemi nawe.

Sasa tazama kilichotokea wakati wa maswali. Mada yenu inahusu fedha ambazo kila halmashauri inatakiwa kutenga kutoka mapato yake ya ndani: asilimia 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu, mikopo isiyo na riba. Haya yamo kwenye kanuni, na bila shaka makundi mengine darasani yangeweza kuyasoma kama nyinyi. Ambacho hakimo kwenye kanuni ni kile anachokijua mtu ambaye mama yake yumo kikundini: nani hufuatwa nyumbani mwenzake asiporejesha, nani huuza kuku ili jina la kikundi lisichafuke, kikao cha siku hiyo huwa na sura gani. Katika kundi lenu mlikuwa na mtu mmoja anayeijua mada kwa ndani, nanyi mkamfanya msomaji wa karatasi. Hapo ndipo alama zenu zilipopotea kuliko hata kwenye zile dakika saba za mwenzenu wa sheria.

Kiingereza chake ni kibovu, sawa. Amesoma miaka saba ya msingi kwa Kiswahili, kidato cha kwanza akakutana na masomo yote kwa Kiingereza, na wako wengi kama yeye katika darasa lenu, wengine ni hao waliocheka. Dawa yake ilikuwa saa moja ya kukaa pamoja pale kibandani kwake, wateja wakipungua. Ungemwambia akueleze habari ya kikundi kwa Kiswahili, mchague mambo matatu, muyaweke katika sentensi fupi fupi ambazo ulimi wake unaziweza, kisha azitamke mbele yako mpaka azizoee. Sentensi fupi yenye makosa mawili, ikitoka kwa mtu anayejua anachokisema, humfikia msikilizaji vizuri kuliko aya yako ya saa nane usiku.

Nisije nikaonekana nawatetea wavivu. Wa sheria na wa changamoto walikutegea, na kutegea kwenye kundi si ugonjwa wa chuo chenu peke yake. Mhandisi wa kilimo wa Ufaransa, Maximilien Ringelmann, aliwapa watu kamba wavute, peke yao na kwa makundi, na mwaka 1913 akachapisha alichokipima. Walipovuta wanane pamoja, kila mmoja alitoa takriban nusu tu ya nguvu aliyoitoa akiwa peke yake. Kuna mambo mawili hapo. Moja, wanane hawavuti kwa pigo moja, huyu anaanza mwenzake akipumua. La pili ni ulegevu wenyewe: mwaka 1979 watafiti wa Marekani wakiongozwa na Bibb Latané waliwataka watu wapige makofi na kelele, wakakuta kila mtu hupunguza sauti yake akijua wako wengi. Baadaye wakaona pia kwamba mtu akiambiwa sauti yake inapimwa peke yake hata akiwa kundini, ule utegaji unaisha.

Kwa hiyo dole gumba la WhatsApp ni kamba isiyo na kipimo. Umeuliza "kazi imefika wapi jamani", wewe umewauliza wanne, na wanne hawana jina. Kinachofanya kazi ni kidogo, chenye jina na siku: fulani, nusu ukurasa kuhusu kanuni za urejeshaji, Jumanne saa kumi, ulete ukiwa na maneno yako, utasoma kwa sauti mbele yetu. Asipoleta, wenzake wote wanaona palipo wazi. Wewe kila ukiona pengo ulilijaza gizani, na kwa kulijaza ukalificha. Wa changamoto hajui mpaka leo kwamba hakufanya kazi. Kwake kazi ilifanyika. Na mhadhiri ulipaswa kumwona wiki moja kabla, mapema, mlango bado uko wazi, badala ya kulalamika sasa alama zikiwa zimeshatoka.

Lile jambo la kuvuta kwa pigo moja nalo liwaumize kidogo. Barua yako yote haina mahali mlipokaa watano mkafanya mazoezi. Mligawana vichwa vya habari, kila mmoja akaenda na cha kwake, siku ya siku mkakutana mlangoni. Darasa halikusikia wasilisho moja, lilisikia matano yanayofuatana. Dakika 15 kwa watu watano ni dakika tatu kila mtu, na ukitoa muda wa kupokezana hazifiki. Hayo ni maneno 300 hivi kwa mtu anayesema taratibu. Mngepima kwa saa ya simu mara moja tu hosteli, yule wa sheria angejikuta anakatishwa mbele yenu wanne badala ya kula dakika za Juma mbele ya darasa.

Tuje kwenye kurasa mbili. Wahadhiri wengi wanaotoa kazi hizi hufuata, kwa kutaja au kimyakimya, mzunguko alioutunga Mwingereza Graham Gibbs mwaka 1988: nini kilitokea, ulijisikiaje, kipi kilikuwa kizuri na kipi kibaya, kwa nini ikawa hivyo, ungefanya nini kingine, safari ijayo utafanyaje. Kosa la wanafunzi ni kumaliza ukurasa na nusu wakisimulia kilichotokea. Mhadhiri alikuwepo, alikiona. Msimulie kwa aya moja, kisha ukae kwenye "kwa nini", maana hapo ndipo anapotafuta alama za kukupa.

Kuhusu wale wawili, andika matendo, sifa zao ziache. Ukisema "mwenzangu ni mvivu" hapo ndipo unapochoma mtu. Ukisema "sehemu ya sheria ilifika ikiwa imenakiliwa, nami nikaipokea bila kuirudisha", umesema kilichotokea, na umejiweka ndani yake. Majina hayahitajiki, labda mhadhiri awe ameyaomba. Sehemu aliyoshika kila mtu inatosha. Na usiandike kwamba mlishirikiana vizuri. Sentensi hiyo wahadhiri wameisoma mpaka wameichoka, na huyu wa kwenu aliwaona siku ile.

Kisha weka la kwako, lisilo na pambo. Kitu kama hiki: "Niliandika upya sehemu ya mwenzangu bila kumuuliza, nikampa asubuhi ileile, na alipokwama nikamchukulia karatasi. Baadaye, wakati wa maswali, alionyesha kwamba alikuwa anajua zaidi ya nilichokuwa nimemwandikia." Sentensi mbili hizo zina tafakuri nyingi kuliko kurasa mbili za kulalamikia watu. Na mwanangu, angalia jina ulilojiandikia chini ya barua. Nimelielewa, umechoka, umetumia hela yako na usingizi wako. Lakini mmoja kati ya hao uliowabeba alikuwa na miguu yake, naye hakukuomba.

Neno dogo kwa wahadhiri wanaopita kwenye safu hii. Alama moja kwa watu watano huwafundisha wanaotegea kwamba kutegea kunalipa. Mkitenga hata sehemu ya alama kwa kazi ya mtu mmoja mmoja, au mkamuuliza kila mwanakundi swali kuhusu sehemu ambayo si yake, mengi yatanyooka. Na lugha ya kufundishia naijua, sheria ni sheria. Bado mwanafunzi aliyeanza kutoa jibu la kweli anaweza kuachwa amalize, ndipo aombwe yeye na wenzake walirudie kwa Kiingereza. Angejifunza lugha na heshima yake ingebaki.

Turudi kwako. Juma mtafute kabla hujaandika mstari wa kwanza, na umfuate kwa miguu yako, usimwandikie kwenye grupu ambako watatu wengine wanasoma. Usianze na "nilikuwa nataka kukusaidia". Mwambie ulichofanya: nilikuandikia upya bila kukuuliza, nikakunyang'anya karatasi mbele ya watu, naomba unisamehe. Kisha muulize angependa kusema nini siku ile kuhusu kikundi cha mama yake, umsikilize mpaka mwisho. Akikuruhusu, kiweke kwenye tafakuri yako kama jambo ambalo kundi lilikuwa nalo na halikulitumia. Akikataa kuongea, msamaha umeshautoa, mwache na muda wake.

Wale wa "usituchome" wajibu leo, na hao ndio uwajibu kwenye grupu, wote watano wasome: utaandika ulichokifanya wewe, kazi ya kila sehemu ilifika siku gani na ikiwa na hali gani, na nao wana kurasa mbili zao za kueleza upande wao. Una wiki moja. Anza na Juma.