Nasoma Kifaransa, mbona nakwama kuzungumza?

Swali: Najifunza Kifaransa kwa mwaka wa pili sasa. Nikisoma naelewa, lakini nikitakiwa kuzungumza nakwama. Nifanye nini?
Msomaji, Arusha

Jibu: Kwanza chunguza mazoea yako. Kwa wiki mbili, andika daftarini kila jioni: leo nimesoma, nimesikiliza, nimeandika na nimezungumza kwa dakika ngapi? Wanafunzi wengi hugundua kwamba karibu muda wote umeishia kwenye kusoma. Hamishia nusu yake kwenye kusema kwa sauti: simulia siku yako, jirekodi kwa simu, kisha sikiliza na uandike kosa linalojirudia.

Pili, angalia unavyorudia msamiati. Mwaka 1885, mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus alionyesha kuwa tunasahau kwa kasi zaidi punde tu baada ya kujifunza. Kwa hiyo rudia kesho yake, halafu baada ya siku tatu, halafu baada ya wiki.

Tatu, usidharau ulichonacho. Jinsia mbili za nomino za Kifaransa zisikutishe. Wewe umekua na upatanisho wa ngeli za Kiswahili, ambazo ni nyingi zaidi.

Anza jioni hii. Usisubiri kwanza makosa yaishe ndipo ufungue kinywa.