Mtoto Asomaye Polepole na Siku ya Mashindano

Siku ya mashindano ya shule inapokaribia, watoto hawana utulivu. Huyu anashona mpira uliopasuka. Yule anakariri shairi njiani, akienda kuchota maji. Wanne wa kalasi ya sita wanaulizana majina ya mito ya Kongo: Lualaba, Lomami, Kasai, Ubangi. Mwalimu amebandika karatasi mlangoni, ili kila mtoto aandike jina lake penye shindano analolitaka.

Tazameni sasa mtoto mmoja aliyesimama nyuma ya wengine. Haikaribii karatasi. Wenzake wakimwita, anasema tumbo linamwuma, au baba amemkataza, au anacheka tu na kukimbia. Si mwoga huyu. Juzi nyoka alipoingia kalasini ni yeye aliyemwua, na wale wanaomcheka walikuwa wamepanda juu ya mabenchi. Anaogopa kitu kimoja: kuandika mbele ya watu, au kuambiwa asome kwa sauti.

Katika shule nyingi yuko mtoto wa namna hiyo. Somo hili ni juu yake, na wanaokaa naye benchi moja wana kazi yao ndani yake.

Mwaka wa 1896, daktari mmoja wa Uingereza, W. Pringle Morgan, aliandika katika gazeti la madaktari habari za kijana wa miaka 14, jina lake Percy. Alikuwa kijana mwerevu, mwepesi katika michezo. Tangu umri wa miaka 7 alikuwa akifundishwa, lakini maneno yaliyoandikwa hayakumwambia kitu. Hata jina lake mwenyewe alilikosea: aliandika Precy badala ya Percy, wala hakuona kosa mpaka alipoulizwa zaidi ya mara moja. Lakini alipopewa hesabu ya 749 mara 867, aliifanya upesi na bila kosa. (Ifanyeni ninyi pia katika daftari, kisha mlinganishe: 649 383.) Mwalimu wake alisema kwamba, kama mafundisho yote yangekuwa kwa mdomo, Percy angekuwa mwerevu kuliko wote shuleni.

Leo tabia hiyo inaitwa disleksia. Si ugonjwa wa macho, ingawa zamani wengi walidhani hivyo. Si upumbavu, si uvivu, wala mtoto hakurogwa. Huzaliwa nayo, na mara nyingi inaonekana pia kwa baba, kwa mjomba au kwa dada. Ubongo wake unapata taabu kuunganisha herufi na sauti. Mwingine akiona ba, sauti inakuja mara moja. Yeye hana budi kuitafuta kila mara, kama mtu anayetafuta ufunguo gizani. Akifika mwisho wa mstari amechoka, na mwanzo wake ameusahau. Wataalamu hukisia kwamba katika watoto 100, watoto 5 mpaka 10 wanayo, wengine kwa uzito, wengine kidogo tu.

Lakini si kila asiyesoma vizuri ana disleksia. Mwingine haoni ubao. Mwingine sikio linatoka usaha. Mwingine alikosa shule miezi mitatu kwa sababu ya malaria au kwa sababu ya vita, na mwingine anakuja asubuhi bila kula. Hayo yatazamwe kwanza, na mwenye shida ya macho au ya masikio apelekwe dispanseri.

Tena kuna jambo la lugha. Upande wa mashariki wa Kongo, watoto wengi huanza kusoma kwa Kiswahili, kisha wanaingia Kifaransa. Kiswahili kina huruma kwa msomaji: m na a ni ma leo, na kesho ni ma vilevile. Kifaransa si hivyo. Sauti moja ya o huandikwa o, au, eau, na herufi nyingine huandikwa bila kusemwa. Mwaka wa 2001 wataalamu walitoa habari za uchunguzi juu ya watu wenye disleksia wa Italia, Ufaransa na Uingereza. Waitalia walisoma vizuri kuliko wenzao, kwa sababu lugha yao huandikwa karibu kama inavyosemwa. Lakini shida ya ubongo ilikuwa ile ile kwa wote. Basi mtoto huyo katika mwaka wa pili aweza kuonekana kama wengine, polepole kidogo tu. Kisha Kifaransa kinaongezeka, naye anazama. Nyumbani wanasema: «Ameharibika.» Hakuharibika. Mzigo umekuwa mzito, ndiyo yote.

Je, mtu wa namna hiyo aweza kushindana na wengine? Nchini Uswisi, katika jimbo la Vaud, mwaka wa 1955, kijana mmoja wa miaka 13 alitambuliwa kuwa na disleksia. Jina lake Jacques Dubochet. Mwenyewe ameandika kwa utani kwamba alikuwa wa kwanza katika jimbo lake kupewa jina hilo rasmi, nalo likampa ruhusa ya kuwa mbaya katika masomo yote, na kuwaelewa wenye taabu. Mwaka wa 2017 alipata zawadi ya Nobel ya kemia, pamoja na Joachim Frank na Richard Henderson. Yeye alipata njia ya kugandisha maji kwa haraka sana hata yasifanye punje za barafu, ili vitu vidogo kabisa vya mwili vionekane katika hadubini kama vilivyo.

Lakini zawadi ya Nobel iko mbali na kalasi ya tano. Mfano wa Jackie Stewart uko karibu zaidi. Alizaliwa Scotland mwaka wa 1939. Shuleni alihesabiwa kuwa mjinga, naye amesimulia mara nyingi aibu ya kuitwa asome mbele ya wenzake. Akaacha shule akiwa na miaka 15, akafanya kazi katika gereji ya baba yake. Wakati huo akaingia mashindano ya kulenga kwa bunduki sahani za udongo zinazorushwa angani. Hapo akaona kwamba kuna kitu anachokiweza kuliko wengine. Baadaye akawa dereva wa magari ya mbio, akawa bingwa wa dunia mara tatu, mwaka wa 1969, wa 1971 na wa 1973. Jina la disleksia hakulijua mpaka mwaka wa 1980, mwanawe alipopimwa, kisha naye mwenyewe akapimwa.

Angalieni vizuri: kulenga sahani hakukumfundisha kusoma. Anayempeleka mtoto mashindanoni akitumaini kwamba ushindi utaponya disleksia atakata tamaa, na mtoto atakata tamaa pamoja naye. Mashindano hutoa kitu kingine. Mtoto ambaye kila siku, saa baada ya saa, anakutana na jambo asiloliweza, mwisho anajifunza neno moja tu: «Siwezi.» Akiisha kulijua neno hilo vizuri, haachi kusoma tu, anaacha shule. Yahitaji aone kwa macho yake jambo moja analoliweza, na wengine walione.

Namna gani, basi, kumwita anayejificha?

Asiitwe mbele ya wote. Mwalimu azungumze naye kando, wakati wa kumwagilia bustani au kufagia, mikono ikiwa na kazi. Asimwambie «ni rahisi tu», maana akishindwa jambo lililoitwa rahisi, aibu yake ni mara mbili. Afadhali hivi:

— Mwanangu, sijaona jina lako kwenye karatasi.

— Mimi sijui kusoma, Bwana Mwalimu.

— Kusoma kunakupa taabu, ni kweli, na tutaendelea kukufanyia kazi. Lakini jana nani alinipa jibu la kilo za mihogo kabla sijamaliza kuuliza?

— Ni mimi.

— Kalasi yetu inatafuta mmoja wa hesabu ya mdomo. Ninakutaka wewe kwa sababu unaweza, si kwa kukuhurumia.

— Na wakinipa karatasi?

— Hawatakupa karatasi. Nimekwenda kuuliza. Maulizo yatasomwa kwa sauti, kwa wote sawasawa.

Neno lenye nguvu hapo ni «nimekwenda kuuliza». Mwalimu anayeahidi bila kuuliza anampeleka mtoto mtegoni. Hata katika hesabu mtego upo. Mara nyingi shindano la hesabu ni karatasi yenye hadithi ndefu: mfanyabiashara alinunua magunia, akauza mengine, akalipa motokari. Mtoto anashindwa kwa hadithi, si kwa hesabu, na hakuna ajuaye. Wasimamizi wakiombwa mapema, mtu mmoja asome ulizo kwa sauti mara mbili. Hakuna anayeibiwa kitu kwa kufanya hivyo.

Shindano la Génies en herbe, lililotoka Canada na kuenea katika shule za nchi zisemazo Kifaransa, linamfaa sana mtoto wa namna hiyo. Timu zinaulizwa kwa mdomo na zinajibu kwa mdomo. Asiyesoma upesi mara nyingi amezoea kusikiliza na kushika, kwa sababu daftari lake halimsaidii. Kukariri shairi pia kunawezekana, na mchezo wa kuigiza pia, mradi mtu amsomee mstari kwa mstari naye aurudie mpaka uingie. Kazi hiyo dada yake aweza kuifanya jioni, au rafiki wa benchi lake. Kuchora, kufinyanga udongo, kutengeneza magari ya waya: hayo hayahitaji maelezo.

Na mpira? Mpira ni mzuri. Lakini shule nyingi zina desturi ya kuwapeleka wote wasiosoma vizuri kwenye mpira na kwaya, kana kwamba miguu na koo ndivyo tu walivyo navyo. Mwenye akili anatamani siku moja akili yake nayo ipigiwe makofi.

Dikte ni jambo jingine. Wako walimu wanaomwingiza mtoto huyo katika shindano la dikte «ili aamke». Ni sawa na kumkimbiza mwenye mwiba mguuni ili mwiba utoke. Lakini akitaka mwenyewe, asikatazwe. Ila ashindane na dikte yake ya zamani. Akiwa na makosa 30 mwezi uliopita na 22 mwezi huu, hiyo ni kazi kubwa, na mwalimu aandike hesabu hiyo katika daftari lake ili baba na mama waione.

Huko nyumbani, mama aweza kusema: «Bwana Mwalimu, msimwaibishe mtoto wangu.» Ana haki ya kuogopa, maana amekwisha kumwona akirudi analia. Aelezwe shindano ni la namna gani, nani atasoma maulizo, na kwamba mtoto aweza kukataa hata siku yenyewe. Baba naye asiahidi viatu akishinda, wala asimtaje mdogo wake anayesoma vizuri. Waje tu, wakae mahali mtoto atakapowaona.

Nanyi wanafunzi mnaokaa naye, msimpe majibu kwa siri. Atajua kwamba jibu si lake. Msomeeni maulizo wakati wa mapumziko, ajibu mwenyewe, nanyi mjifunze kwake namna anavyohesabu kichwani. Na kama kwenye karatasi ya mlangoni amegeuza herufi za jina lake, yule atakayeona kwanza asiite wengine waje kutazama.

Akikataa kabisa, aachwe. Mwaka huu aweza kushika saa, au kuandika pointi za timu ubaoni: tarakimu hazimwogopeshi. Mwaka ujao yu karibu zaidi na uwanja.

Na akishindwa? Hilo litatokea, kwa kuwa wengine nao wanajua hesabu. Lakini kushindwa huko si kama kule kwa kila siku. Mara hii ameshindwa kama wenzake wanavyoshindwa, kwa ulizo moja gumu. Mwalimu akae naye, atafute ni ulizo gani, walifanye tena pamoja. Asimwambie «si kitu», maana kwake ilikuwa kitu.

Kesho yake saa ya kusoma inarudi, na herufi ni zile zile. Tangu miaka ya 1930, Anna Gillingham na Bessie Stillman huko Marekani walionyesha njia inayotumika mpaka leo: mtoto aiandike herufi kwa kidole huku akitamka sauti yake, ili jicho, sikio na mkono vishike pamoja. Mchanga wa uwanja wa shule watosha. Dakika 15 kabla ya kengele, herufi chache tu, zile za jana kwanza, kisha moja mpya. Na yule rafiki aliyemsomea maulizo ya mashindano aweza kuchuchumaa karibu yake, akifuta mchanga kwa kiganja kila herufi ikiisha.