Kabla Hujasaini Karatasi ya Msamaha

Mara nyingi huja siku ya pili au ya tatu ya msiba. Wazee wanne watano wa upande wa dereva mlevi aliyemuua ndugu yenu, gunia la mchele, bahasha ya rambirambi, na mmoja wao ana karatasi iliyokunjwa mfukoni. Watakaa mkekani, watalia pamoja nanyi, na huenda machozi yao ni ya kweli. Kisha mkubwa wao atakohoa kidogo na kusema: ajali haina kinga, tuyamalize kifamilia. Karatasi itafunguliwa. Imeandikwa kwamba familia imesamehe, haina madai yoyote, na inaomba kesi ifutwe.

Mchele upokeeni. Karatasi irudi ilikotoka, angalau mpaka matanga yaishe.

Karatasi hiyo imefunga mambo matatu kwa kamba moja, na kila moja lina mwenyewe. Kesi si mali yenu. Hapa Tanzania, anayemshtaki dereva mlevi aliyeua ni Jamhuri, na mwenye mamlaka ya kuliondoa shauri ni DPP, yaani Mkurugenzi wa Mashtaka, si baba mdogo wa marehemu. Sheria huruhusu mahakama kuhimiza suluhu katika makosa madogo ya mtu na mtu, kama shambulio la kawaida. Kifo cha barabarani si kosa la namna hiyo. Huko Kenya, ambako kuua kwa uendeshaji wa hatari kuna kifungo cha hadi miaka 10, wapo wanaotaja shauri la mwaka 2013: Mahakama Kuu Nairobi iliruhusu shtaka la mauaji liondolewe baada ya familia mbili kupatana kwa ngamia na mbuzi, kwa mila na dini yao. Husahau kusema kwamba aliyeomba liondolewe ni upande wa mashtaka, jaji ndiye aliyekubali, na majaji wengine baadaye waliikataa njia hiyo.

Msamaha wenu una uzito, lakini mahali pake ni penginepo. Hakimu anaweza kuutazama anapopima adhabu, akaona kama mkosaji alikiri mapema, alijuta, alisaidia waliobaki. Nao haumzuii shahidi kusimama kizimbani na kueleza alichokiona. Mtu anaweza kumsamehe dereva alfajiri na saa tatu akatoa ushahidi dhidi yake. Sioni kigeugeu hapo.

Fidia nayo ni jambo la peke yake, na hapa ndipo familia nyingi hujiumiza. Maneno "hatuna madai" yaliyoandikwa kwenye msiba yanaweza kuja kutumika dhidi ya watoto wa marehemu. Gari linapaswa kuwa na bima, hata kama ni ile bima ndogo tu, na bima ya lazima imewekwa kwa ajili ya watu kama nyinyi. Chukueni namba ya gari na muihakiki stika yake kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima. Mkiambiwa "dereva alikuwa amelewa, hatulipi", msiridhike na jibu la mdomo. Ombeni barua, mwoneni mwanasheria au watoa msaada wa kisheria, na kama ni mzozo na kampuni, upelekeni kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Mtahitaji cheti cha kifo kutoka RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, na msimamizi wa mirathi, ambaye uteuzi wake huanza na muhtasari wa kikao cha ukoo. Ukomo wa madai ya madhara kwa kawaida ni miaka 3, na huyeyuka upesi kuliko mtu anavyodhani.

Kuna kitu huyeyuka upesi zaidi: pombe yenyewe. Ini huiondoa saa baada ya saa. Kahawa, ndimu wala maji baridi hayaliharakishi. Kiwango kinachokatazwa Tanzania ni miligramu 80 katika mililita 100 za damu, na dereva asiyepimwa usiku ule anaweza kuamka mkavu kama kuni. Kwa hiyo swali la kwanza kwa mpelelezi liwe hili: alipimwa saa ngapi, na nani? Kama hakupimwa, nani alimwona akinywa, wapi, nani alimhudumia? Hata mkiharakisha maziko, hakikisheni daktari ameuchunguza mwili na kuandika ripoti. Majeruhi wachukue PF3, fomu ya polisi ya matibabu.

Tukija kwenye msamaha wenyewe, nina neno kwa upande wa dereva. Ajali, kwa asili yake ya Kiarabu, ni ule muda mtu aliopangiwa kufa. Ndiyo maana neno hili humkaa vizuri mfiwa: "siku yake ilifika" humpa pumzi. Kwenye kinywa cha aliyekunywa chupa sita akashika usukani, maneno yale yale ni pa kujifichia. Vivyo hivyo "shetani alinipitia" na "mipango ya Mungu". Aseme alichofanya: nilikunywa, nilijua nimelewa, niliendesha, nimemuua mwanao. Kisha anyamaze. Asiombe kusamehewa siku hiyo hiyo, maana hilo ni kumtwika mfiwa kazi nyingine.

Waislamu wanao mpangilio unaosaidia kufikiri, hata kwa asiyekuwa Mwislamu. Aya ya 92 ya Suratun Nisaa, juu ya kuua bila kukusudia, inataja diya kwa familia, isipokuwa wao wenyewe waisamehe. Inataja pia kafara: kumwacha huru mtumwa, na asiyeweza afunge miezi miwili mfululizo. Familia inaweza kuachilia diya. Kafara hawana mamlaka nayo.

Ndani ya nyumba moja msamaha haufiki kwa wote siku moja. Mama anaweza kusamehe, kaka akakataa kabisa, na mjane asijue anahisi nini mpaka baada ya arobaini. Mzee wa ukoo asiwasemee wote. Mkitaka kuandika, yatosha haya: "Mimi fulani, kwa hiari yangu, sina kinyongo na dereva. Maneno haya hayazuii kesi ya Jamhuri wala hayaondoi haki ya warithi kudai fidia." Weka tarehe, mashahidi wa pande zote mbili, na nakala ibaki kwako.

Na anayetaka kwenda kuomba radhi, kama yuko nje kwa dhamana, kwanza amuulize wakili wake, kisha amtume mtu kuuliza kama atapokewa. Akikubaliwa aende mchana, na mzee mmoja tu, mikono mitupu. Gari aliache kwao, atembee.